Jibu: Toa mguu kwenye pedeli kwanza!

Mkuu, kabla hatujaongea lolote, toa mguu kwenye hiyo pedeli. Umeandika kwamba unataka kulehemu ngazi za behewa lako la mfano, na kwamba aliyekuuzia mashine ya kulehemu kwa ncha ya kaboni amekwambia "kanyaga mpaka ncha iwe nyekundu, halafu gusa." Nilipofika hapo niliacha chai ipoe. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na muuzaji ambaye sidhani kama amewahi kulehemu hata mkono wa sufuria.

Nilikuwa naunda mfano mdogo wa Garratt ya daraja la 59, lile garimoshi kubwa la mvuke, 5918 Mount Gelai iliyoko makumbusho ya reli Nairobi, kwa kipimo cha 1:87. Miezi minne nimo tu. Boila nimelikunja mwenyewe kwa bati la shaba ya njano, unene milimita 0.3. Ikabaki kazi ya kitoto: kushikisha waya wa nusu milimita kwenye vishikio vyake ubavuni.

Nikakanyaga, nikasubiri wekundu. Ncha baridi kama pua ya mbwa! Bila shaka itakuwa baridi, umeme utapita wapi wakati kaboni inaelea hewani? Lakini mimi nilimwamini bwana yule kuliko macho yangu. Nikasema mashine ina njaa, nikazungusha kitufe chake cha nguvu mpaka mwisho, mguu bado chini, nikasogeza ncha kwenye boila.

Cheche kama radi ya mfukoni. Nikashtuka, nikavuta mkono, mguu ukabaki palepale, kwa hiyo ikaruka cheche ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Moshi mweupe ukapanda, mama watoto akauliza huo ni udi gani. Ulikuwa zinki, mama. Shaba ya njano ni shaba na zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na cheche ile haina haja ya kuuliza nyuzi ngapi. Nikabaki na tundu la punje ya ulezi, limezungukwa na wekundu wa shaba tupu. Nikalijaza lehemu, na joto la kulijaza likaachisha vishikio vitatu jirani. Picha nilizoweka humu zote ni za upande wa kushoto. Sasa mnajua kwa nini.

Sikia, hii si pasi ya mkaa. Transfoma inatoa volti chache sana lakini ampia nyingi, na joto linazaliwa palepale kaboni inapobana chuma. Kwa hiyo: kuingia, mkono kwanza mguu baadaye. Kutoka, mguu kwanza mkono baadaye. Gusa, bana, kanyaga. Lehemu ikimeta na kukimbia, achia pedeli, lakini mkono usitikisike. Kaboni ndiyo inayoshikilia kipande chako. Subiri mng'ao ufifie, ndipo uinue. Hata kama nyumba inaungua, ncha isiinuke mguu ukiwa chini.

Lehemu uliyouliza, chukua 60/40, yaani ya madini ya bati na risasi, inaanza kulainika nyuzi 183, inatosha kabisa. Paka kidogo sana kabla, juu ya chuma ulichokisugua kikang'aa, na flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike. Klipu ya waya wa pili wa mashine iume chuma karibu na unapolehemu. Hayo ni madogo, mtu akiyakosea anarudia. Boila halirudiwi.

Na yule jamaa wa dukani, nilimrudia na boila mkononi. Akaligeuzageuza, akaniambia nilikanyaga kwa nguvu mno. Kwa nguvu! Pedeli ni swichi, ama imewaka ama haijawaka, si kinanda.

Usiguse hizo ngazi za behewa lako leo. Kata vipande vya bati bovu, shikisha waya mara ishirini, mguu na mkono kwa mpangilio huo. Kisha nitumie picha ya vipande hivyo, nitazame kama kuna kidoa chochote chekundu.