Kisu gani cha kuchunia mnyama?

SWALI: Naanza kuwinda, nimependa kisu kimoja cha inchi 8, nichukue?

JIBU: Hapana ndugu, kikubwa hivyo kitakusumbua, we tafuta chenye makali ya urefu wa inchi 3 mpaka 4, kisichokunjwa, maana cha kukunja damu na mafuta yanaingia kwenye bawaba na kukisafisha ni kazi kwelikweli. Chuma kifike mwisho wa mpini, na mpini usiteleze mkono ukilowa. Ncha isiwe kali sana, iinamie chini kidogo, sababu ukipasua tumbo makali yanatazama juu, vidole viwili vinaongoza, ukitoboa utumbo tu uchafu unamwagikia nyama. Na kinoleo usisahau, kisu butu ndo kinakata watu!