Fisi kahawia: mtazame miguuni

SWALI: Nasomea usimamizi wa wanyamapori Morogoro, na mwakani nitakwenda Namibia kusaidia kuhesabu fisi kahawia kwa kamera za kutegea, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita. Fisi madoa tunawatofautisha kwa madoa yao. Huyu wa kusini hana doa hata moja, na hutembea usiku. Mnamjuaje huyu na yule? Na kamera ngapi zinatosha?

JIBU: Mtazame miguuni. Manyoya ya mgongoni na ubavuni ni marefu na yametimka, hayakusaidii kitu. Miguu ndiyo yenye milia, na kila fisi ana mpangilio wake. Mimi huanza na miguu ya mbele, kisha masikio kama yana mipasuko. Sikio ni shahidi wa pili tu: fisi akigombana usiku wa leo, kesho sikio si lile tena.

Ila mguu wa kushoto haufanani na wa kulia. Ndiyo maana kila kituo, yaani kila mahali unapotega, kinataka kamera mbili, moja kila upande wa njia, zipishane kidogo ili mwanga wa moja usiharibu picha ya nyingine. Zifunge kwenye kimo cha goti la mtu. Ukiweza, chagua kamera za mwanga mweupe. Zile za mwanga usioonekana hutoa milia yenye ukungu fisi akiwa mwendoni. Na uzitie ndani ya masanduku ya chuma, maana fisi hutafuna.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: picha za kushoto zina fisi 9, za kulia 8, mtu anaandika 17. Hao 8 huenda wote wamo katika wale 9! Kama huwezi kuunganisha pande mbili za mnyama mmoja, fanya hesabu kwa upande mmoja, ule wenye picha nyingi zaidi.

Kuhusu idadi ya kamera, usianze na idadi, anza na nafasi. Mtafiti Gus Mills, aliyeanza kuwafuatilia fisi hawa Kalahari ya kusini mwaka 1972, alikuta makundi yenye maeneo ya zaidi ya kilomita za mraba 200, mengine zaidi ya 400. Panga vituo ili eneo la fisi yeyote lipitiwe na vituo viwili au vitatu. Pasiwe na pengo ambalo fisi anaweza kuishi humo bila kupigwa picha hata moja. Watoto usiwategemee, hukaa pangoni zaidi ya mwaka.

Jihadhari pia na pwani. Karibu na Lüderitz, mji wa pwani ya Namibia, fisi kahawia hula watoto wa sili ufukweni, chakula kilichorundikana mahali pamoja. Huko bara kila mmoja huzunguka usiku kucha peke yake akitafuta mizoga, ingawa kundi hulea watoto pango moja. Msongamano uliopata pwani usiupeleke bara.

Ukipata picha za pango, futa alama zinazoonyesha lilipo kabla hujamtumia yeyote, zisije zikamfikia anayetaka kuwaua. Mfugaji akimkuta fisi juu ya mzoga wa ndama haulizi nani aliua, na mara nyingi fisi kahawia ameukuta mzoga tayari.