Baada ya harusi Bhuj, kwa bibi Baladia

SWALI: Shikamoo Mama. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi ya ujenzi Nairobi anaoa mwishoni mwa Januari mjini Bhuj, kule Gujarat, India. Harusi ikiisha, wazee wake wanataka tufuatane hadi kijijini kwao Baladia, tulale kwa bibi yake. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Mimi mla nyama, halafu natumia mkono wa shoto. Nibebe zawadi gani? Na wanakijiji niwape pesa kidogo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na pesa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipostuka. Baladia si kijiji cha kuonewa huruma. Wapatel, jamii ya Wahindi wa vijiji vinavyozunguka Bhuj, wametawanyika Nairobi na London tangu enzi za babu zao, wengi wakiwa waashi na wakandarasi, na walichochuma wamekijenga kwao. Utapita nyumba kubwa za ghorofa zenye mageti ya chuma, nyingine zimetiwa kufuli kwa sababu wenyewe wako ng'ambo. Kijiji jirani, Kera, ndiko alikotoka Alidina Visram, yule mfanyabiashara ambaye sisi wa Mombasa tunamjua kwa shule yenye jina lake. Basi usigawe noti wala peremende njiani, wala usiwapige picha watoto wa watu kana kwamba uko mbugani. Pesa toa harusini, ndani ya bahasha, na kiasi kiishie na moja: rupia 501 au 1,001. Hiyo moja ya juu ndiyo baraka.

Zawadi ya bibi iwe majani ya chai ya Kericho na korosho. Chupa ya pombe usithubutu. Gujarat imepiga marufuku pombe tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, na katika vijiji hivyo wengi ni wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu: hawanywi, hawali nyama wala mayai, na wanaoshika sana hawagusi hata kitunguu. Nyama isahau mpaka urudi, wala usiulizie.

Njaa hutaiona. Utaletewa mkate wa uwele, mzito, umetoka motoni, umepakwa samli mpaka inachuruzika, na pembeni kipande cha sukari guru. Unaumega kwa vidole vya kulia. Anza mazoezi sasa hivi na chapati hapo nyumbani, na mwenzako awaambie mapema kwamba wewe ni wa shoto. Watakuletea kijiko, ukishike kulia vivyo hivyo. Kupokea na kutoa pia ni kulia. Ukishiba, funika sahani kwa kiganja kabla mama wa nyumba hajafika na sufuria, kwa sababu akishafika umechelewa. Mwisho huja mtindi mwembamba wenye chumvi. Unywe, unashusha samli.

Viatu vua mlangoni. Hekaluni wanaume hukaa kwao na wanawake kwao, fuata wenzako. Beba sweta nzito: usiku wa Januari huko Kutch, wilaya yenye Bhuj, una baridi kuliko watu wanavyodhani.

Ila ninalokuomba hasa ni hili: kaa na wazee. Mimi nilipokwenda na majirani zangu, mzee mmoja aliyekuwa fundi Nairobi ujanani alinivutia kiti, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Biashara Street iko vile vile?" Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alitaka kujua nani amenunua duka gani, na mvua za Limuru bado zinanyesha vile. Hakuna zawadi niliyobeba iliyomfurahisha kama habari hizo. Kwa hiyo kabla hujaondoka, muulize mwenzako bibi yake aliwahi kuishi mtaa gani huku, kama aliishi, uende ukautazame.

Na ukiwa huko tarehe 26 Januari, kumbuka ndiyo siku ya tetemeko la mwaka 2001 lililobomoa Bhuj na vijiji vingi. Usianze wewe kuuliza nani alifia wapi. Wakianza wenyewe, sikiliza.

Sasa nenda ukachanjwe homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na abiria kutoka Kenya asiye nacho anaweza kuzuiwa karantini India hadi siku 6, harusi ikampita.