Fundi Anajibu: Rangi Igawe kwa 25

Safari hii nimechagua barua nne, zote za magari madogo ya plastiki, yale ya kuunga mwenyewe kipande kwa kipande. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana kijana aliyeiandika ameshika mkononi kitu ambacho mimi nimekitafuta miaka mingi bila kukipata.

Shikamoo fundi. Babu yangu alisoma Marekani miaka ya 1960, akarudi na boksi la AMT, kampuni ya Marekani ya magari ya kuunga, la Chevrolet Bel Air ya 1957, kipimo cha 1 kwa 25, yaani gari la kweli limegawanywa kwa 25. Aliliunga nusu, bodi akaipaka rangi nyekundu kwa brashi, nzito mpaka mistari ya milango haionekani. Babu alifariki mwaka jana na boksi nimeachiwa mimi. Nataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Niitoe rangi kwa tina, ile ya kuzimulia rangi? Na nipake rangi gani? (Mjukuu, Ujiji)

Marahaba, mjukuu wangu, na pole sana kwa kuondokewa na babu.

Hiyo tina irudishe kabatini. Bodi ya gari lako ni polistirini, aina ya plastiki, na tina ya magari inaiyeyusha. Ukiifuta mara moja utaona rangi inatoka, utafurahi. Ukiifuta mara ya pili kile kinachotoka ni plastiki yenyewe, pamoja na vitasa na herufi.

Tumia mafuta ya breki, yale yaliyoandikwa DOT 3. Rangi nyingi za magari madogo za enzi zile zilikuwa enameli, yaani rangi za mafuta, na mafuta ya breki huzilegeza bila kuidhuru plastiki, mradi usiyaache siku nyingi. Kwanza jaribu kwenye kipande cha ile fremu iliyobeba vipuri. Kama baada ya saa chache fremu bado ni ngumu na haijanata, tumbukiza bodi ndani ya chombo chenye kifuniko, ilale humo usiku mmoja. Vaa glavu, linda macho, na chombo kikae mahali ambapo mtoto hafiki. Vioo na vipande vya kromu visiingie humo hata kidogo. Asubuhi sugua kwa mswaki laini uliochakaa, halafu osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Pale rangi ilipong'ang'ania, rudia.

Ila boneti igeuze. Upande wa ndani, ambao hakuna atakayeuona ukishafungwa, acha rangi ya babu yako kama alivyoiacha. Usiutumbukize, upande wa juu pakaa mafuta kwa brashi peke yake. Mimi ningetoa kitu kikubwa kupata mstari mmoja wa brashi ya baba yangu.

Sasa rangi. Mwaka 1957 Chevrolet walikuwa na nyekundu iliyoitwa Matador Red. Kwa hiyo babu yako hakukosea rangi, alizidisha unene tu. Ningekuwa wewe ningerudisha nyekundu hiyohiyo.

Unene ndio jambo ninaloandikiwa kila mara, na ndilo lililonigharimu gari langu la kwanza. Nilikuwa fundi rangi wa magari ya kweli hapa Mwanga, Kigoma, nikadhani kazi ni ileile. Nikachukua bunduki ya kupulizia rangi ya kazini, yenye nozeli ya milimita 1.4, nikapuliza koti, yaani tabaka la rangi, kama ninavyopuliza kwenye Land Cruiser. Asubuhi mistari ya milango ilikuwa imejaa, vitasa vimekuwa uvimbe, na kwenye grili matundu yameziba. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Rangi ya gari la kweli, kuanzia praima, ile ya chini kabisa, mpaka kliya, ile ya juu isiyo na rangi, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huohuo juu ya gari la 1 kwa 25 ni sawa na gari la kweli kupakwa rangi ya milimita mbili na nusu. Mlango wa namna hiyo haufungi. Kila kitu kwenye boksi lako kimegawanywa kwa 25, basi na rangi nayo igawe kadiri mkono wako unavyoweza.

Kwa hiyo kabla ya praima, fufua mistari. Chukua mgongo wa wembe, siyo makali, uuburute ndani ya mstari wa mlango mara nne au tano kwa mkono mwepesi, kama unayechora kwa penseli. Usikandamize, ukikandamiza unaruka nje na kuacha mkwaruzo utakaokusumbua wiki nzima. Halafu praima ya kijivu, nyepesi, iliyotengenezewa plastiki. Ikikauka, pitisha msasa wa maji namba 1000 na kuendelea, usishuke chini ya hapo isipokuwa pana bonde la kujaza.

Jina la gari lililochomoza kwenye bodi lina njia yake, na naipenda kuliko zote. Ipo karatasi nyembamba sana ya aluminiamu yenye gundi nyuma, inaitwa Bare-Metal Foil, ya Marekani. Mpwa wangu aliyeko Dar huniagizia, na jani moja hunitosha magari kadhaa. Kabla ya rangi nyekundu, kata kipande kidogo, kilaze juu ya herufi, kisha kisugue kwa kijiti cha meno ulichofunga pamba mpaka kila herufi ijichore. Kata ukingo, ondoa ziada. Halafu puliza nyekundu juu ya kila kitu, na karatasi nayo ifunikwe. Rangi ikishakauka, shika msasa namba 2000 uliolowa, gusa vichwa vya herufi tu, polepole, pumzi umeibana. Wekundu unatoka juu ya herufi, na fedha inajitokeza, herufi moja baada ya nyingine, safi kuliko brashi yoyote. Mara ya kwanza nilipoona neno zima limejitokeza niliwaita watu wa nyumbani waje waangalie.

Pembezoni mwa vioo na kwenye ile mistari mirefu ya ubavuni weka karatasi hiyo mwishoni, rangi ikiwa imekaa wiki nzima. Wembe uwe mpya. Wembe butu haukati karatasi hii, unaivuta na kuichana.

Bel Air ina dhahabu pia, na wengi wanaisahau: wavu wa grili, na vile vialama vitatu kwenye kila bawa la mbele. Usitafute rangi ya dhahabu ya kopo, chembe zake ni kubwa, kwenye gari dogo zinaonekana kama mchanga. Pakaa rangi ya njano inayopitisha mwanga juu ya kromu ileile ya kiwandani, na dhahabu itatokea yenyewe. Ubao wa ubavuni kuelekea nyuma uwe wa fedha. Na kama babu alichagua injini ya V8 ya inchi za ujazo 283, ipake rangi ya chungwa iliyokolea wekundu.

Boksi na karatasi ya maelekezo vihifadhi pakavu. Maboksi mengi ya AMT ya wakati ule yalikuwa na vipuri vya kuliunga gari kwa namna tatu: kama la kiwandani, la mapambo, au la mashindano. Vile utakavyobakiza usivitupe. Kuna siku mtu atavihitaji, huenda ni mimi.

Mwangaluka baba. Mimi ni mwalimu, Isevya, Tabora. Nina Volkswagen Beetle ya 1 kwa 24, ya kumkumbuka mzee wangu aliyeendesha ya kweli. Februari nilimpa fundi wa magari aipulizie rangi nyeupe. Imerudi na nyufa ndogondogo kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, na juu ya paa kuna ukungu mweupe hafifu hata nikisugua hautoki. Nimeiharibu kabisa? (Mwalimu, Tabora)

Mwangaluka, mwalimu. Hujaiharibu, lakini una magonjwa mawili kwa pamoja na kila moja lina dawa yake.

Nyufa ni za tina. Rangi ya gari imepulizwa ikiwa imelowa sana, moja kwa moja juu ya plastiki, na tina iliyomo ikapata muda wa kuila plastiki kabla haijaruka. Usimlaumu sana fundi wako. Kwenye bati la gari namna hiyo ya kupuliza ndiyo sahihi. Sasa itabidi usugue. Anza na msasa wa maji namba 600, maliza na 1000, mpaka ukipitisha ukucha hausikii nyufa. Usitafute njia ya mkato ya kuzifunika kwa rangi nzito, zitarudi. Kisha praima ya plastiki, halafu rangi kwa makoti ya umande: simama kama sentimita 20 hadi 25, pita haraka, rangi itue kavukavu kama umande wa asubuhi, plastiki bado inaonekana chini yake. Ngoja dakika 10 hadi 15. Pita tena. Makoti matatu ya namna hiyo hujenga ngozi, na ndipo koti la mwisho linaweza kulowa kidogo.

Ukungu ni wa Februari. Tina ikiruka haraka inaupoza uso wa rangi, na hewa yenye unyevu ikigusa uso uliopoa inaacha maji ndani ya rangi. Hata sisi huku tunaokaa na ziwa mlangoni tunaujua sana. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mimi hupuliza tu siku ambayo haijanyesha, saa tano hadi saa nane mchana, au sipulizi kabisa. Kazi kubwa zote naziweka Juni mpaka Agosti.

Kiangazi nacho kina vumbi, na Tabora mnalo zaidi yetu. Fanya kama gereji: mwagia sakafu maji, funga madirisha, subiri nusu saa, halafu ingia na nguo isiyotoa nyuzi. Gari likae ndani ya boksi kubwa la katoni lililolazwa ubavu. Mara tu umalizapo, lifunike kwa beseni safi, lakini beseni liinue kidogo kwa vijiti ili hewa ya tina itoke. Na usilianike juu ya bati. Polistirini hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi na huanza kujipinda kabla ya hapo. Paa la Beetle likishabonyea kwa jua halirudi.

Jambo moja la mwisho kwa gari lako, kwa kuwa ni jeupe. Mistari ya milango watu huijaza weusi. Kwenye gari jeupe weusi huo unapiga kelele. Changanya kijivu cha wastani, chepesi kama chai ya rangi, gusa mstari kwa ncha ya brashi, kitakimbia chenyewe. Simama hatua mbili uangalie: utaona mlango, hutaona mstari.

Fundi, nimefungua gari nililounga nikiwa sekondari. Matairi yameganda kwenye rimu na plastiki ya rimu imeyeyuka kama imeungua. Halijawahi kukaa karibu na moto. Ni nini? (Msomaji, Kasulu)

Ni matairi yenyewe. Yale matairi laini ya zamani ni vinaili, plastiki laini, na ndani yake kuna mafuta ya kulainisha ambayo kwa miaka yanatoka polepole na kuila polistirini iliyoyagusa. Yatoe kwa kuyazungusha taratibu, usiyavute. Rimu iliyolika kidogo isugue na uipake upya. Iliyolika sana, tafuta nyingine. Ukiyarudisha, weka ukanda mwembamba wa karatasi ya aluminiamu kati ya tairi na rimu. Na wale wenye maboksi ambayo hayajaungwa: fungueni leo, matairi yawekeni kwenye mfuko wake peke yake. Nimeona bodi nzuri kabisa yenye alama ya tairi iliyozama kwenye paa kwa sababu vilifungashwa pamoja.

Shikamoo mzee. Karatasi ya stika za maji, zile zinazoteleza kutoka kwenye karatasi zikilowa, kwenye boksi langu imekuwa ya njano. Nitupe? (Kijana, Kibirizi)

Marahaba. Usitupe. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, ibandike kwa tepu kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, upande wenye picha uangalie nje. Angalia kila baada ya siku mbili. Yangu ilichukua kama wiki mbili ikawa nyeupe. Mvua ikitishia, itoe, unyevu ukiingia gundi inaamka.

Ikishapauka, usiitie majini moja kwa moja, maana za zamani hupasuka vipande. Ipulizie kliya nyepesi kwanza, iache ikauke siku nzima. Kumbuka kwamba kliya inaziunganisha zote kuwa ngozi moja, kwa hiyo kila stika itabidi uikate kwa mkasi karibu na ukingo wake. Anza na ile usiyoihitaji, itie kwenye maji ya uvuguvugu, uhesabu mpaka itakapoanza kuteleza. Ukiona imeteleza ikiwa nzima, endelea na nyingine.