Ukitaka kujua hali ya moyo wa mzee, muulize alilalaje

Wengi wetu tunaouguza wazazi tunazijua namba zao za presha kwa kichwa. Tunajua dawa ipi inamezwa asubuhi na ipi jioni, chumvi imepunguzwa kiasi gani, kliniki ni lini. Lakini mtu akikuuliza, "Mzee anaamka mara ngapi usiku? Analalia mito mingapi? Anakoroma?" unaweza kukosa la kujibu. Mimi namuuguza baba mwenye moyo dhaifu, na kati ya yote niliyojifunza hili ndilo ninalomwambia kila anayeniomba ushauri: usingizi wa mzee umebeba habari za moyo wake, na habari hizo mara nyingi hutangulia kabla hajafika kwenye vipimo.

Kwetu zilianzia kwenye mito. Baba ni mtu wa mto mmoja, tena mwembamba. Akaanza kuomba wa pili, kisha wa tatu, mwisho tukawa tunamkuta alfajiri amelala akiwa ameketi kwenye kiti, blanketi magotini, viatu pembeni. Alisema ni mgongo. Daktari alipoelezwa hakuuliza habari za mgongo. Alimuuliza kama akilala chali pumzi inambana, kisha akamvua soksi. Mpira wa soksi ulikuwa umeacha mfereji juu ya kifundo cha mguu, na alipobonyeza kidole kwenye muundi, shimo lilibaki pale pale kwa muda.

Nieleze kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri dalili. Moyo unaposukuma damu kwa udhaifu, mwili hubakiza maji na chumvi. Mchana, mtu akiwa ameketi au amesimama, maji hayo hushukia miguuni. Akilala yanarudi kwenye mzunguko wa damu, kama maji ya chupa iliyolazwa, na moyo usioweza kuyabeba yote huyaacha yajae kwenye mapafu. Ndiyo maana mzee anaongeza mito, au anashtuka usiku wa manane akihema na kutaka dirisha lifunguliwe. Figo nazo zinapata maji zaidi ya kuchuja, basi anaamka kukojoa mara kwa mara.

Hapo kwenye kukojoa usiku ndipo watu wengi wanapojiridhisha mapema. Mwanamume akiamka mara kwa mara tunasema ni tezi dume. Mwanamke tunasema ni umri. Inawezekana kabisa. Inawezekana pia ni sukari, au kidonge cha kutoa maji kinachomezwa jioni badala ya asubuhi. Lakini kama miguu inavimba kuelekea jioni na kupungua asubuhi, daktari anayeshughulikia moyo anapaswa kusikia. Kwa baba, kuhamishia kidonge asubuhi kwa maelekezo ya daktari kulimpunguzia safari za chooni bila dawa mpya. Tangu hapo tunampima uzito kila asubuhi, akishatoka haja na kabla ya kunywa chai. Mgonjwa wa moyo akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta, ni maji, na ni wakati wa kuwasiliana na daktari wake.

Mama naye ana lake. Alitumia dawa tatu za presha na bado haikushuka inavyotakiwa. Kukoroma kwake tulikuzoea kama sauti ya nyumbani. Nilipolala chumba kimoja naye ndipo nilipousikia mpangilio wake: mkoromo unapanda, unapanda, kisha kimya kabisa. Kifua kinajitahidi kuinuka lakini hewa haipiti. Halafu mkoromo mkubwa wa kushtuka, anajigeuza, na mzunguko unaanza upya. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, mdomo umekauka, na kabla ya adhuhuri anasinzia katikati ya mazungumzo.

Huko ni kukatika kwa pumzi usingizini. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, na ubongo unamshtua mtu ili apumue bila yeye mwenyewe kujua kwamba ameamka. Kila mshtuko unamwaga homoni za dharura. Mapigo yanakwenda mbio na presha inapanda. Kwa kawaida presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na huo ndio muda mishipa inapopumzika. Mtu anayekatika pumzi mara nyingi hukosa mapumziko hayo. Tatizo hili huambatana sana na presha isiyosikia dawa, mapigo yasiyo na mpangilio, na kiharusi. Wanawake hulipata zaidi baada ya kukoma hedhi, na kwa kuwa kukoroma tunakuhesabu kuwa jambo la wanaume, wengi hawaulizwi kabisa.

Kwa hiyo kama presha ya mzazi wako imekataa kushuka, kaa naye usiku umsikilize. Rekodi kwa simu dakika chache, kwa idhini yake, umpelekee daktari. Anaweza kupendekeza kipimo cha usingizi, na tatizo likithibitika, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Australia, na hadi leo ndiyo tiba kuu. Haichukui nafasi ya dawa za presha. Zote mbili huenda pamoja. Wazee wengi huikataa siku za mwanzo. Kilichomsaidia mama ni kuivaa mchana kwanza, akiwa ameketi anasikiliza redio, mpaka uso ukaizoea. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia pia.

Kuna imani kwamba mzee hahitaji usingizi. Anahitaji. Kwa waliovuka miaka 65, wataalamu wanapendekeza saa 7 hadi 8, na mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza usingizi kwenye orodha yake ya mambo nane ya kulinda moyo, sambamba na presha, sukari na kuacha sigara. Kinachobadilika uzeeni ni sura ya usingizi: unakuwa mwepesi, unakatikakatika, na unakuja mapema. Mzee aliyelala saa 2 usiku akaamka saa 9 usiku ameshapata saa 7. Huyo hana ugonjwa wa kukosa usingizi, na kumpa kidonge ni kumwonea. Mcheleweshe kidogo kulala, na atoke nje apate mwanga wa jua la jioni.

Usingizi wa mchana sina ugomvi nao. Dakika 20 au 30 kabla ya saa 9 alasiri humburudisha mtu. Ninachokichunga ni mabadiliko. Mzee aliyekuwa mchangamfu akianza kulala mchana kutwa, usiseme tu "amechoka na umri". Huenda usiku hapumui vizuri, huenda moyo umeelemewa, huenda damu imepungua au dawa fulani inamlevya. Watafiti wameona kwamba wanaolala muda mrefu sana mchana wana maradhi ya moyo zaidi, na kwa wengi wao kulala huko huenda ni dalili zaidi ya kuwa chanzo. Kumnyima tu kitanda hakuwezi kutibu kitu.

Kwenye vidonge vya usingizi nasema bila kuzunguka: msimnunulie mzee dawa ya usingizi kwa ushauri wa jirani. Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani kina orodha ya dawa za kuepukwa uzeeni, na nyingi ya dawa za usingizi zimo humo, pamoja na zile za mafua na mzio zinazolewesha. Mzee anaamka saa 8 usiku kwenda chooni, kichwa hakijamkaa sawa, anaanguka na kuvunja nyonga. Kama tayari anazitumia kwa muda mrefu, asiziache ghafla. Daktari atampunguzia taratibu. Tiba inayopewa kipaumbele na madaktari kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya kubadili mazoea: kuamka saa ile ile kila siku, kutobaki kitandani ukiwa macho kodo, kitanda kiwe cha kulala tu, na kuzungumza na mtaalamu juu ya hofu zinazokufanya ukodoe macho. Inachukua wiki kadhaa. Lakini faida yake hubaki hata tiba ikiisha, jambo ambalo kidonge hakiwezi.

Swali jingine ninaloulizwa ni kama dawa za presha lazima zimezwe usiku. Uingereza waliwafuatilia watu zaidi ya 21,000 kwa muda wa miaka kama mitano, nusu wakimeza asubuhi na nusu jioni, na matokeo yaliyotoka 2022 hayakuonyesha tofauti katika shambulio la moyo, kiharusi wala vifo vya maradhi hayo. Saa nzuri ni ile ambayo mzee hataisahau, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Dawa nyingine za moyo, hasa za kupunguza mapigo, huwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha. Mzee akilalamikia ndoto, yaandike malalamiko yake uyapeleke kliniki, usiikatishe dawa mwenyewe.

Na akiamka usiku, asisimame papo hapo. Aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo ainuke, kwa kuwa presha hushuka ghafla mtu anaposimama, na dawa huzidisha. Taa ndogo iwe karibu na njia iwe wazi.

Yako mambo ambayo hayasubiri kliniki wala asubuhi. Maumivu au kubanwa kifua, hata kama yanakwenda begani au taya tu, kukosa pumzi kiasi cha kushindwa kukamilisha sentensi, kuzimia, mdomo kupinda au mkono kulegea upande mmoja. Mwamshe mwenzako, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mchukue dawa zake zote pamoja na karatasi inayoonyesha alizomeza na saa alizomeza.