Indeksi imepanda, mbona hisa zangu zimeshuka?
Mkuu hapo hujaibiwa wala nini, indeksi kupanda huku hisa zako zikishuka ni kawaida kabisa. Indeksi ni kipimo cha bei za kundi zima la hisa na sio kila kampuni ina uzito sawa humo. S&P 500, indeksi ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani, inaangalia thamani ya kampuni sokoni, kwahiyo chache kubwa zikipaa zinaivuta yote juu hata kama mamia yameshuka. Dow Jones, indeksi nyingine ya Marekani, ndo kituko, kampuni 30 tu na inaangalia bei ya hisa moja, yaani hisa ya dola 400 ina nguvu mara nne ya hisa ya dola 100 hata kama kampuni yenyewe ni ndogo 😅. Ukitaka kwenda na indeksi nunua mfuko wa uwekezaji unaoifuata, ila cheki kwanza makato yao ya mwaka.