Ukipoteza mtoto tumboni, uliza kipimo hiki, na kirudiwe

Dada yangu uliyetoka leba mikono mitupu, makala hii ni yako. Najua siku zile mtu hataki kusikia habari za maabara. Lakini kuna kipimo cha damu ambacho hapa Dar wengi wetu hatukisikii mpaka tuulize, na nisingekipima sidhani kama leo ningekuwa na mtoto ninayemnyonyesha.

Ni kipimo cha kingamwili za antifosfolipidi. Kingamwili ni askari wa mwili, na kwa baadhi yetu askari hao huwageukia wenyeji: hushambulia protini zinazoshikana na mafuta ya kwenye kuta za chembe zetu wenyewe. Damu inakuwa rahisi kuganda. Kwa mjamzito anayeumia zaidi ni kondo la nyuma, ambalo linashindwa kujishikiza vizuri, sehemu zake zinakosa damu, na mtoto anakosa chakula na hewa. Mimba inatoka, au mtoto hakui, au mama anapandisha presha kali kabla ya siku zake. Daktari Graham Hughes wa London na wenzake walianza kuueleza ugonjwa huu mwaka 1983, kwa hiyo si jambo lililozuka juzi.

Si kila mimba iliyoharibika inadai kipimo hiki. Mimba moja changa kutoka ni jambo la kawaida, mara nyingi kwa sababu ya hitilafu ya kromosomu, na mwanamke huyo akishika tena mimba huenda akajifungua bila shida yoyote. Nalisema hili kwa sababu inaniuma kuona mtu anakopa kikoba kupima kila kitu baada ya mimba ya wiki sita. Wanaostahili kuuliza ni mama ambaye mtoto wake asiye na kasoro za maumbile alifia tumboni kuanzia wiki ya 10. Aliyeharibikiwa na mimba changa tatu mfululizo bila sababu kujulikana. Aliyezalishwa kabla ya wiki 34 kwa kifafa cha mimba au kwa kondo kushindwa kazi. Na yeyote aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, au mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Tumbo lilikwisha kuonekana, mtoto akaacha kucheza, ultrasaundi ikaonyesha moyo umesimama. Mama mkwe, kwa huruma kabisa, akasema, "Mwanangu, hilo ni chango. Kuna bibi Mkuranga, twende." Nikamjibu, "Ahsante mama. Naomba kwanza nimalize vipimo vya hospitali." Hakukasirika. Mzazi akijibiwa kwa adabu husubiri, na siku ya majibu alikuwa pale benchi pembeni yangu.

Kuna ishara moja inayopita bila mtu kuiangalia. Kliniki zetu humpima kila mjamzito kaswende, na huhimiza mwenza naye apimwe. Kipimo cha VDRL au RPR hutumia kadiolipini, ambayo ni mojawapo ya mafuta yanayohusika na kingamwili hizi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kusomeka ana kaswende ilhali hana. Ndoa zimetikisika kwa karatasi hiyo! Ukipewa jibu hilo, usikatae matibabu, maana kaswende yenyewe huua watoto tumboni. Ila omba kipimo cha kuthibitisha, kama TPHA. Kikikanusha, na umewahi kupoteza mimba, mtajie daktari kingamwili za antifosfolipidi kwa jina.

Vipimo vyenyewe ni vitatu: lupasi antikoagulanti, antikadiolipini na anti-beta-2 glaikoproteini 1. Hakikisha fomu ina vyote, kwa sababu mtu anaweza kuwa na kimoja tu. Damu ya kile cha kwanza huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu, nayo lazima ifike kwenye mstari, isipungue. Kama unatumia heparini au wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujatolewa damu, maana dawa hizo huvuruga majibu. Sampuli yangu ilipelekwa nje ya nchi, kwa hiyo uliza mapema bei na muda wa kusubiri, na uliza bima yako inalipia nini.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: jibu moja halitoshi. Maambukizi kama malaria, homa ya ini au VVU yanaweza kuziamsha kingamwili hizi kwa muda kisha zikapotea. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Hapa ndipo wengi huishia njiani, ama kwa sababu ya fedha, ama kwa sababu ukweni wanauliza mimba nyingine lini. Mume wangu naye alikuwa na haraka. Daktari akamwita, tukaketi wote watatu, akamchorea kondo la nyuma kwenye karatasi na kumwonyesha sehemu iliyokosa damu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananikumbusha tarehe ya kurudia.

Ukithibitishwa, matibabu yapo: aspirini ya dozi ndogo kila siku na sindano za heparini chini ya ngozi ya tumbo, kwa usimamizi wa daktari. Heparini haivuki kondo kumfikia mtoto. Wafarini huvuka na inaweza kumlemaza, kwa hiyo anayeitumia amwone daktari kabla ya kushika mimba. Kwa matibabu haya, wanawake zaidi ya 7 kati ya 10 hupata mtoto hai.

Sindano inatisha siku za mwanzo tu. Nesi alinifundisha: bana ngozi pembeni ya kitovu, ingiza sindano wima, sukuma taratibu, usisugue. Badilisha upande kila siku. Tumbo langu lilijaa alama za bluu na njano, nami nilizizoea. Muulize mfamasia namna ya kuzitunza kwa joto letu hili, na usichanganye na mitishamba bila kumwambia daktari, maana mingine huongeza damu kutoka.

Uchungu ukianza, au ukipangiwa upasuaji, jambo la kwanza kumwambia mkunga ni saa uliyochoma sindano ya mwisho. Ganzi ya mgongoni inategemea saa hiyo. Baada ya kujifungua sindano huendelea, mara nyingi kwa wiki 6, kwa sababu hatari ya damu kuganda bado ipo. Na ukienda uzazi wa mpango, mwonyeshe nesi majibu yako kabla hajakuandikia chochote: vidonge vyenye estrojeni havikufai, lakini kitanzi cha kopa, yaani cha madini ya shaba, hakina homoni kabisa.